Mcheza Kwao Hutunzwa? Wachezaji Mashuhuri wa Mazembe Katika Historia ya Lubumbashi na Komini ya Ruashi

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ina asili yake katika ngoma. Mtazamaji huondoka mahali pake, humwendea mchezaji aliyemfurahisha, na humtuza mbele ya watu wote, ama kwa fedha ama kwa kitambaa. Kutunza, kwa maana hiyo, ni tendo la hadharani. Jamii hukiri mbele ya macho yake yenyewe kwamba mtu fulani ameifanyia jambo, na kwamba ina deni kwake.

Makala hii inakusudia kuipima methali hiyo kwa kutumia historia ya wachezaji mashuhuri wa klabu ya mpira wa miguu ya Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi. Klabu hii ina sifa tatu zinazoifanya ifae kuchunguzwa na wanafunzi wa historia na wa Kiswahili. Kwanza, ilizaliwa shuleni. Pili, wachezaji wake wamekuwa sehemu ya kila hatua kubwa ya historia ya Kongo tangu kupatikana kwa uhuru. Tatu, mji wake ni mji wa Kiswahili, ingawa habari zake zilizochapishwa ziko zaidi katika Kifaransa na lugha nyingine za Ulaya. Mahali pa kutazamia historia hii ni komini ya Ruashi, iliyo pembeni mwa mji, kwa sababu mambo ya katikati ya mji huonekana kwa namna nyingine yakitazamwa kutoka ukingoni.

2. Ruashi na mji wa shaba

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Uliwekwa mahali pale kwa sababu ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kazi zake katika mgodi wa Étoile, ambao wenyeji huuita Kalukuluku, na tanuru la kuyeyushia madini lilianza kufanya kazi mwaka 1911. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali: Kasai, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi. Watu hao hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yao ya kazini, kisha kikawa lugha ya mtaani, na hatimaye lugha ya kwanza ya watoto wao.

Kiswahili hicho kina sura yake. Ngeli ya watu huchukua kiambishi ba- mahali pa wa-, mpira huitwa mupira, udogo huonyeshwa kwa ka- na tu-, na nomino za Kifaransa hupokewa kwa viambishi vya Kibantu bila wasiwasi. Katika lugha hiyo ndimo wenyeji walimoandika historia yao. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya wale waliokuwa watumishi wa majumbani mwa Wazungu, alitunga kijitabu kiitwacho Vocabulaire ya ville ya Elisabethville, kinachosimulia maisha ya mji kwa macho ya watumishi hao. Johannes Fabian alikichapisha pamoja na ufafanuzi mwaka 1990, na tangu hapo kimekuwa mfano unaojulikana wa historia iliyoandikwa kutoka chini.

Ruashi iko upande wa kaskazini-mashariki wa mji, karibu na migodi na upande mmoja na uwanja wa ndege wa Luano. Ilijengwa katika miaka ya 1950, wakati utawala wa Kibelgiji ulipokuwa ukijenga mitaa mipya ya nyumba za Waafrika nje ya miji mikubwa. Leo ni mojawapo ya komini saba za Lubumbashi. Viwanja ambavyo klabu ilipatia sifa yake viko mbali na hapo, katika komini za Kenya na Kamalondo. Mkazi wa Ruashi anayetaka kuutazama mpira mkubwa hana budi kuuvuka mji. Lakini timu inaporudi na kombe kutoka ng'ambo, hutua Luano, na kwa siku hiyo pembeni huwa ndio mlango wa mji.

3. Timu iliyozaliwa shuleni

Mwaka 1939 watawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto, waliokuwa wakiongoza Taasisi ya Saint-Boniface mjini Elisabethville, waliunda timu ya mpira kwa ajili ya wanafunzi wao. Timu ilipewa jina la Saint-Georges, kwa kuwa Mtakatifu Joji ni msimamizi wa vijana wa skauti. Shabaha yao ilikuwa malezi. Kijana atakayekimbia uwanjani chini ya sheria na filimbi ya mwamuzi, hivyo walivyoamini, hatapata nafasi ya kupotea njia mjini.

Mwaka huo huo wa 1939 ilianzishwa pia Saint-Éloi, ambayo baadaye iliitwa Lupopo. Mtakatifu Eligi ni msimamizi wa wafua vyuma, na mashabiki wa Lupopo hujiita watu wa reli mpaka leo. Ushindani wa timu hizi mbili umeendelea tangu siku za ukoloni. Ni vigumu kukutana na mkazi wa mji huo asiyejua jamaa yake ni wa upande gani.

Jina la Saint-Georges halikudumu. Timu ilipitia jina la Saint-Paul, kisha ikachukua jina la Englebert, ambalo ni la kampuni ya Kibelgiji ya mipira ya magari. Hivyo katika muda mfupi klabu ilitoka mikononi mwa kanisa ikaingia katika tangazo la biashara. Baada ya msimu wa mwaka 1966, ambapo ilitwaa ubingwa wa taifa bila kufungwa, iliongezewa sifa ya Tout Puissant, maana yake Mwenye Nguvu Zote. Rangi zake ni nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo mashabiki waliipa jina la Kunguru, kwani kunguru wa nchi ile ni mweusi mwenye kifua na shingo nyeupe. Nembo yake hata hivyo ni mamba aliyeshika mpira kinywani. Ndege huyo na mnyama huyo wameishi pamoja katika klabu moja bila ugomvi.

4. Kizazi cha fainali nne: Kalala na Kazadi

Katanga ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, na utengano huo ulimalizika Januari 1963. Miaka minne tu baadaye, timu ya mji uliokuwa makao makuu ya Katanga iliyojitenga ilikuwa ikiiwakilisha Kongo nzima katika Kombe la Klabu Bingwa za Afrika. Jambo hili halipaswi kupitwa haraka. Serikali ya Mobutu, iliyotwaa madaraka Novemba 1965, ilihitaji alama za umoja, na mpira ulikuwa alama iliyoeleweka na kila mtu bila kuhubiriwa.

Englebert ilifika fainali ya kombe hilo mara nne mfululizo. Katika fainali ya mwaka 1967 ilikutana na Asante Kotoko ya Ghana. Walitoka sare ya 1-1 mjini Kumasi na 2-2 mjini Kinshasa. Mchezo wa tatu uliamriwa, Kotoko hawakutokea, na kombe likaenda kwa Englebert. Katika shindano la mwaka 1968 iliishinda Étoile Filante ya Lomé kwa 5-0 nyumbani, ikafungwa 4-1 ugenini, na kwa jumla ya magoli 6-4 ikawa klabu ya kwanza kulitetea kombe hilo kwa mafanikio. Fainali ya 1969 ilichukuliwa na Ismaily ya Misri, baada ya sare ya 2-2 na ushindi wa 3-1 mjini Cairo. Ile ya 1970 ilichukuliwa na Kotoko, walioshinda 2-1 ugenini baada ya sare ya 1-1 kwao.

Msomaji ataona kwamba michezo ya nyumbani ya fainali hizo ilichezwa Kinshasa, kiasi cha kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi. Watu wa Ruashi, Kenya na Katuba waliusikia ushindi wa timu yao kwa redio. Kucheza kwao, katika miaka hiyo, kulikuwa kucheza katika mji mkuu wa taifa, mbele ya wakuu wa taifa.

Wachezaji wawili wanakisimamia kizazi hiki kuliko wengine. Wa kwanza ni Pierre Kalala, mshambuliaji. Tarehe 21 Januari 1968, mjini Addis Ababa, Kongo ilikutana na Ghana katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Ghana ilikuwa imelitwaa kombe hilo mwaka 1963 na 1965, na wengi waliitarajia ilitwae tena. Kalala alifunga goli pekee la mchezo huo, na nchi yake ikapata kombe lake la kwanza. Wa pili ni Robert Kazadi, aliyezaliwa mwaka 1947, mlinda mlango wa klabu na wa timu ya taifa katika ushindi huo. Mlinda mlango hukumbukwa kwa magoli aliyofungwa, ilhali yale aliyoyazuia hayaandikwi katika hesabu. Kazadi aliionja kanuni hiyo kwa uchungu kuliko wenzake wengi, kama itakavyoonekana hapa chini.

5. Majina mapya, jezi ile ile: Bwanga na Mwepu

Elisabethville iliitwa Lubumbashi mwaka 1966. Kongo iliitwa Zaire mwaka 1971, Katanga ikaitwa Shaba, na mwaka 1972 wananchi waliamriwa kuacha majina ya ubatizo. Englebert ikaitwa Mazembe. Pierre Kalala akawa Kalala Mukendi, na Robert Kazadi akawa Kazadi Mwamba. Kwa mtafiti, amri hiyo imeacha tatizo la kudumu. Mchezaji mmoja huonekana katika orodha mbalimbali kwa majina mawili au matatu, na mpangilio wa majina nao hubadilika. Beki mmoja huandikwa Joseph Mwepu, Mwepu Ilunga au Ilunga Mwepu. Mwingine ni Tshimen Bwanga katika kitabu kimoja na Bwanga Tshimen katika kingine. Anayetegemea faharasa za vitabu tu aweza kumhesabu mtu mmoja mara mbili, au kumpoteza kabisa.

Bwanga alikuwa beki. Mwaka 1973 gazeti la France Football lilimchagua kuwa mchezaji bora wa Afrika. Tuzo hiyo ilitolewa tangu 1970 hadi 1994, na katika muda wote huo hakuna mchezaji mwingine wa nchi yake aliyeipata. Ni nadra beki kutukuzwa namna hiyo, kwa kuwa macho ya watazamaji hufuata mpira uendako golini.

Wachezaji wa kizazi hiki hawakuruhusiwa kwenda kucheza kwa malipo Ulaya. Serikali iliwataka wacheze kwao, na iliahidi kuwatunza. Baada ya Zaire kufuzu kuingia Kombe la Dunia la 1974, timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko, kila mchezaji, kwa masimulizi yao wenyewe, alipewa nyumba na gari. Machi 1974 walitwaa tena Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Cairo, wakiishinda Zambia 2-0 katika mchezo wa kurudiwa baada ya sare ya 2-2. Hapo methali ilikuwa imetimia kwa ukamilifu.

Miezi mitatu baadaye mambo yaligeuka. Katika Ujerumani Magharibi, Zaire ilifungwa 2-0 na Scotland tarehe 14 Juni. Tarehe 18 Juni ilifungwa 9-0 na Yugoslavia. Katika mchezo huo Kazadi alitolewa mapema baada ya magoli matatu, na mlinda mlango wa akiba akaingia kupokea mengine sita. Katika mchezo huo huo mwamuzi alipigwa teke na Mwepu, lakini akamtoa nje Ndaye Mulamba wa klabu ya Vita ya Kinshasa, ambaye hakuwa na kosa. Tarehe 22 Juni Kazadi alirudi langoni, na Brazil ikashinda 3-0.

Katika mchezo huo wa mwisho kilitokea kitendo ambacho kimeonyeshwa tena na tena katika televisheni za dunia. Brazil walikuwa wamepata mpira wa adhabu karibu na lango. Kabla hawajaupiga, Mwepu alichomoka katika ukuta wa mabeki na kuupiga mpira mbali. Mwamuzi alimwonyesha kadi ya njano. Watangazaji walicheka, na kwa miaka mingi kitendo hicho kilisimuliwa kama ushahidi kwamba Waafrika hawakuzijua sheria za mchezo.

Maelezo hayo hayawezi kukubalika kwa mwanahistoria. Mwepu alikuwa mchezaji wa klabu iliyocheza fainali nne za Afrika mfululizo, na alikuwa bingwa wa Afrika kwa timu ya taifa. Mtu wa namna hiyo kuambiwa kwamba hakujua mpira wa adhabu ni wa nani ni kutukana akili ya msikilizaji. Mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba alifanya makusudi. Malipo yao yalikuwa yamepotelea mikononi mwa wakubwa, na baada ya kipigo cha Yugoslavia walikuwa wameonywa kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya magoli matatu wasirudi nyumbani. Alitaka atolewe nje, asiendelee kuwachezea watu ambao hawakumlipa. Hata kama msomaji atapenda kuyapima maelezo hayo kwa uangalifu, kwa kuwa yametolewa baada ya muda mrefu, yanaeleza tendo lile vizuri zaidi kuliko kicheko. Mwepu alifariki mwaka 2015. Kazadi alikuwa ametangulia mwaka 1996.

Wachezaji hao waliporudi hawakupokewa kama walivyoagwa. Ahadi zilikwisha. Mlango wa kwenda nje ulikuwa umefungwa kwa amri, na mlango wa ndani sasa ulifungwa kwa kimya. Hapa methali inaonyesha upande wake wa pili: mcheza kwao hutunzwa ikiwa walio kwao wamebaki na moyo wa kutunza.

6. Miaka ya ukame

Mazembe ilipata ubingwa wa taifa mwaka 1976, na mwaka 1980 ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa kuishinda Africa Sports ya Abidjan 3-1 na 1-0. Ilikuwa bingwa wa taifa tena mwaka 1987. Baada ya hapo haikulipata taji hilo mpaka mwaka 2000.

Miaka hiyo kumi na mitatu inalingana na kuanguka kwa uchumi wa mji. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilipata pigo kubwa Septemba 1990 pale mgodi wa Kamoto ulioko Kolwezi ulipoporomoka, na uzalishaji wa shaba ukashuka mwaka hata mwaka. Mwaka 1991 maduka yaliporwa mijini. Kisha, kuanzia mwaka 1992, likaja jambo zito zaidi. Wanasiasa wa mkoa walihubiri kwamba watu wenye asili ya Kasai ni wageni, na maelfu kwa maelfu ya familia zilifukuzwa kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine. Watu walilala vituoni mwa reli wakingoja treni za kuwapeleka katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Ni hapa ambapo orodha ya wachezaji wa zamani inakuwa ushahidi wa kihistoria. Kalala, Mukendi, Kazadi, Mwamba, Ilunga: haya ni majina ya Kiluba, yanayopatikana Kasai na Katanga pia. Mtu akisoma orodha ya timu iliyotwaa kombe mwaka 1967 na 1968 hawezi kwa jina pekee kumtenga mwenyeji na mgeni. Mji uliowashangilia wachezaji hao haukuwauliza baba zao walipanda treni wapi. Wale waliotaka kuugawa mji katika miaka ya 1990 walilazimika kwanza kuisahau timu yake. Ruashi, kama komini nyingine za wafanyakazi, ilijengwa na kujazwa na watu wa asili hizo zote. Mpira ulikuwa mmoja wa mambo machache ambayo wote waliweza kuyaita yao.

7. Mputu, Kidiaba na safari ya Abu Dhabi

Mwaka 1997, mwaka ule ule Zaire iliporudishiwa jina la Kongo, mfanyabiashara Moïse Katumbi alishika uongozi wa klabu. Baadaye alikuwa gavana wa Katanga, tangu 2007 hadi 2015. Klabu ikapata fedha, na fedha zikabadilisha maana ya kucheza kwao. Tangu hapo mchezaji aliweza kupata nyumbani malipo ambayo baba zake waliyasikia kwa Wazungu tu.

Mfano wa wazi ni Trésor Mputu, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1985 na kujiunga na Mazembe mwaka 2002. Mwaka 2007 alikuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa magoli 9. Mwaka 2009, katika mashindano ya kwanza ya wachezaji wanaocheza ndani ya nchi zao, Kongo iliifunga Ghana 2-0 mjini Abidjan, na Mputu akachaguliwa mchezaji bora. Mashindano hayo yaliundwa kwa ajili ya wanaocheza kwao hasa, na haikuwa ajabu kwamba mchezaji wa Lubumbashi ndiye aliyeng'ara. Mwishoni mwa mwaka huo Mazembe ilifungwa 2-1 na Heartland mjini Owerri, ikashinda 1-0 nyumbani, na kwa goli la ugenini ikalitwaa kombe ambalo haikuligusa kwa zaidi ya miaka 40.

Safari hii fainali ilichezwa Lubumbashi. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Oktoba 2010, Espérance ya Tunis ilifungwa 5-0 katika uwanja wa komini ya Kenya, na sare ya 1-1 kule Tunis ikakamilisha kazi. Kile ambacho wazazi walikisikia kwa redio kutoka Kinshasa, watoto wao walikiona kwa macho.

Mputu hakuwamo. Mei 2010, katika mashindano ya Kagame mjini Kigali, kulitokea vurugu dhidi ya mwamuzi, na FIFA ilimfungia kwa mwaka mmoja. Hivyo alikosa Kombe la Dunia la Klabu la Desemba 2010 mjini Abu Dhabi. Mazembe ilimfunga bingwa wa Amerika ya Kaskazini, Pachuca ya Mexico, 1-0 kwa goli la Bedi Mbenza. Kisha ilimfunga bingwa wa Amerika ya Kusini, Internacional ya Brazil, 2-0 kwa magoli ya Mulota Kabangu na Dioko Kaluyituka. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo klabu isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika fainali hiyo. Tarehe 18 Desemba Inter ya Milan ilishinda 3-0.

Sura iliyobaki katika kumbukumbu ni ya mlinda mlango, Muteba Kidiaba. Kila timu yake ilipofunga, Kidiaba alikaa chini na kurukaruka kwa makalio katikati ya uwanja, mikono mbele, nywele zake zilizosukwa zikiruka naye. Dunia ilicheka tena, lakini kicheko hiki hakikuwa kile cha 1974. Safari hii mchezaji ndiye aliyekitaka kicheko, na alikitaka baada ya kushinda. Mtu akiwaweka Mwepu na Kidiaba mbele ya picha mbili, wote wa klabu moja, anaona umbali ambao klabu imesafiri katika miaka 36.

8. Wageni wenye Kiswahili

Tangu 2011 klabu imekuwa na uwanja wake Kamalondo, wenye nafasi za watu 18,500. Wakati huo orodha ya wachezaji ilikuwa imejaa majina ya nchi jirani. Kutoka Zambia walikuja Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu, ambaye alifunga penalti ya mwisho iliyoipa nchi yake Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012. Kutoka Tanzania walikuja, mwaka 2011, Mbwana Samatta aliyetoka Simba ya Dar es Salaam, na Thomas Ulimwengu.

Mtanzania afikapo Lubumbashi hukutana na jambo la pekee: yuko ugenini, lakini lugha ya sokoni ni lugha yake. Atashangaa kusikia batoto na mupira, nao watamwona anasema kama kitabu, lakini hatahitaji mkalimani. Karne moja kabla, Kiswahili kiliwaunganisha wafanyakazi wa migodi. Sasa kilimpokea mfanyakazi wa aina mpya.

Mwaka 2015 Samatta alifunga katika michezo yote miwili ya fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya USM Alger, ambayo Mazembe ilishinda 2-1 na 2-0. Alimaliza mashindano akiwa na magoli 7. Tarehe 7 Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara, na aliyemfuata alikuwa mwenzake wa klabu, Kidiaba. Mwezi huo huo akaenda Genk ya Ubelgiji. Mlango ambao Kalala, Bwanga na Mwepu walifungiwa kwa amri, yeye aliupita akiwa na tuzo mkononi, naye akaelekea nchi ile ile iliyoanzisha mji wa Elisabethville na kuitengeneza mipira ya magari ya Englebert.

Haifai kuufunga ukurasa huu bila kutaja kwamba sifa ya klabu si ya wanaume peke yao tena. Novemba 2024, nchini Morocco, timu ya wanawake ya Mazembe iliifunga AS FAR 1-0 kwa penalti ya Marlène Kasaj na kutwaa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika.

9. Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba historia ya wachezaji wa Mazembe ni historia ya mahusiano kati ya mji na watu wake. Katika kila kipindi neno "kwao" lilikuwa na maana tofauti. Kwa watawa wa 1939, kwao ni shuleni. Kwa serikali ya miaka ya 1960 na 1970, kwao ni taifa, na anayetoka ni msaliti. Kwa wachochezi wa 1992, kwao ni mahali alikozaliwa babu. Kwa klabu ya leo, kwao ni popote penye mkataba. Methali haikubadilika, lakini mwenye kutunza amebadilika mara nne, na mara mbili kati ya hizo hakutunza.

Yako matunzo ambayo chuo kikuu kinaweza kuyatoa. Magoli yameandikwa, tarehe zinajulikana, na vikombe viko kabatini. Kisichoandikwa ni masimulizi ya watazamaji wenyewe: waliokaa kando ya redio Ruashi usiku wa fainali ya Kinshasa, waliowajua wachezaji kwa majina yao ya kwanza kabla hayajakatazwa, waliowaona wakirudi kutoka Ujerumani bila ngoma wala tarumbeta. Wengi wa mashahidi hao sasa ni wazee sana, na lugha ya ushahidi wao ni Kiswahili cha Lubumbashi. Inapasa masimulizi hayo yakusanywe katika lugha hiyo, kwa ba- na mu- zake, bila kusahihishwa, kama alivyofanya André Yav kwa historia ya watumishi. Mpaka hapo, Mwepu Ilunga ataendelea kusimuliwa na watangazaji waliomcheka, na mji aliouchezea hautakuwa umepata nafasi ya kusema lake.